Jinsi ya kuanzisha darasa la ufundi wa zama za kati hapa Mwanza, na kwa nini upanga uwe wa mwisho

Watu wengi wakisikia maigizo ya kihistoria, yale ya kuvaa na kufanya kazi kama watu wa zamani, akili inaruka moja kwa moja kwenye upanga na deraya, yale mavazi ya chuma ya vita. Mimi nasema upanga usubiri. Wenzetu wa nje wamefanya haya mambo muda mrefu, kuna ile jumuiya ya Marekani inaitwa Society for Creative Anachronism, ilianza mwaka 1966 kule Berkeley, California, watu wanaijua kwa mapigano lakini ukiingia ndani unakuta kuna kibao ambao hata fimbo hawajawahi kushika, wao wanasuka, wanapika, wanachemsha wino, wanashona viatu. Ufaransa nako kuna sehemu inaitwa Guédelon, tangu mwaka 1997 watu wanajenga ngome ya mawe kwa njia za karne ya 13, mawe yanachongwa kwa mkono, misumari inafuliwa hapo hapo, na wanachokitafuta hasa ni kujua ile kazi ilifanyikaje, maana kuna mambo hayajaandikwa popote mpaka mikono yako ikutane nayo.

Basi darasa ndo hilo. Mnachagua kazi moja, mnaifanya kwa vitu vya wakati ule, mkikwama mnajiuliza hawa watu walivukaje hapa. Zama za kati kwa hesabu ya Ulaya ni kama mwaka 500 mpaka 1500, na miaka hiyo hiyo huku ziwani watu walikuwa wanafinyanga, wanayeyusha chuma, wanavua, wanasaga mtama. Kwa hiyo ushauri wangu msiigize Ulaya tupu. Chukueni kazi mbili tatu za kule ambazo vifaa vyake vinapatikana hapa mchanganye na za kwetu, na za kwetu zina faida moja kubwa sana, mtu wa Uingereza akitaka kujua chungu cha karne ya 12 kilitengenezwaje anategemea vigae vya kuchimbua na kubahatisha, wewe unaweza kupanda daladala ukaenda kumkalia bibi anayefinyanga mpaka leo.

Kabla ya yote nunueni daftari, sisi tunaliita daftari la chenga. Kila mlipopiga chenga mnaandika: leo tumetumia ndoo ya plastiki, leo moto tumewasha kwa kiberiti, leo kamba ilikuwa ya manila. Hakuna anayegombezwa kwa kupiga chenga, bila chenga hata darasa la kwanza halifanyiki, ila isipoandikwa baada ya miezi mitatu mtu anawaambia wageni kwamba hivi ndivyo wazee walivyofanya kumbe ni kitu mlichokibuni nyie Jumamosi mkiwa na haraka. Na utashangaa jinsi hilo daftari linavyofundisha kuliko hata kazi yenyewe.

Watu wa kuanzia sita mpaka kumi wanatosha. Zaidi ya hapo nusu wanakaa wanachati. Mahali, mnahitaji kiwanja chenye kivuli na sehemu ya kuwasha moto mbali na nyumba na nyasi kavu, kwa milima yetu hii ya mawe Mwanza hukosi mwamba unaokinga upepo, ila tafadhali mwende kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza mjieleze. Usidharau hili. Watu kumi wanaofukiza moshi na kugonga vyuma nyuma ya jabali wanaleta maswali, na mkiwa upande wa vijijini kama Kisesa ndani ndani huko sungusungu watafika kabla maji hayajachemka. Asubuhi ndo muda mzuri, mchana upepo wa ziwani unachezea moto na kukausha udongo vibaya.

Mwalimu. Video za YouTube angalieni kwa kupata wazo, lakini mwalimu atafutwe mtu. Muuza vyungu sokoni muulize anachukua wapi, mara nyingi atakutajia kijiji na jina la mama. Wafua vyuma hivyo hivyo, anayeuza majembe na visu vya kienyeji anamjua aliyevifua. Ukienda kwa mzee usiende na simu imeshanyooshwa kurekodi. Nenda na sukari na majani ya chai, shikamoo yako iwepo, ukiweza kusema "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, umeshafungua mlango nusu, kaa, ongea mambo mengine, halafu ndo useme shida yako. Na mlipe. Siku yake ya kazi ina bei, uliza anapata kiasi gani kwa siku akiuza, mpe hicho na zaidi kidogo, hii habari ya kumpa mzee asante na picha ya pamoja ni uhuni. Akija, mwacheni afanye kazi mara moja kwa mwendo wake bila kumsimamisha, mtazame tu, maswali yaje raundi ya pili. Mafundi wengi ukimkatiza katikati umuulize "kwa nini umegeuza hivyo" anashindwa kujibu maana mkono ndo unajua, yeye mwenyewe hajawahi kuusemea.

Kabla hamjaanza fanyeni safari moja ya Bujora, makumbusho ya Wasukuma, ni kama kilometa 18 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, mnashuka Kisesa. Palianzishwa na Padri David Clement, mmisionari wa Kanada, na pale kuna nyumba ya mfua vyuma na vifaa vyake, kuna jengo la ngoma za watemi lililojengwa mfano wa kiti cha mtemi, na kuna kitu cha kuzungusha kinachoonyesha namna mbalimbali Wasukuma walivyohesabu moja mpaka kumi. Nendeni na penseli mchore. Ukichora kifaa unalazimika kuona kilivyofungwa, ukipiga picha unaondoka hujaona kitu. Mkiweza kupanga iangukie mwezi wa sita wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, mtaona na mashindano ya Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wachezaji yanayoshindana, ile hasira ya kutaka kumzidi mwenzako kwa mbwembwe ndo hiyo hiyo unayoisoma kwenye mashindano ya mashujaa wa Ulaya, tofauti wale walipanda farasi.

Somo la kwanza liwe kamba. Haina gharama na kila kazi nyingine itaihitaji. Na hapo hapo chenga ya kwanza inawasubiri, maana mtu atakuja na katani ya dukani akijua ni kitu cha asili kabisa, kumbe mkonge huu wa mashamba asili yake Mexico na uliingia Tanganyika mwaka 1893. Mnaotaka ni mkonge pori, ule wenye majani mazito ya mabaka mabaka unaoota kwenye miamba na vichaka, huo ni wa kwetu. Kata jani, liweke kwenye ubao, lipare kwa ukingo butu wa mti mpaka nyama ya kijani iishe zibaki nyuzi nyeupe, suuza, anika. Kusokota ni hivi: funga mafungu mawili kwenye ncha, fungu la kulia lisokote kwenda kulia mpaka likaze, halafu lipitishe juu ya mwenzake kwenda kushoto, sasa lililokuja kulia nalo lisokote kwenda kulia, lipitishe kushoto, na kuendelea. Zile nguvu mbili zinapingana ndo maana kamba haifunguki. Nyuzi zikikaribia kuisha ongeza nyingine kabla hazijaisha, na usiongeze pande zote mbili sehemu moja, hapo ndo inakatikia. Mtu akimaliza asubuhi na kamba ya urefu wa mkono wake amefanya vizuri, na ataanza kuheshimu kila wavu na kila mtumbwi wa zamani.

Ufinyanzi ndo nitauzungumzia sana kwa sababu huku ziwani ni utajiri wetu. Vyungu vya zamani kabisa vya wakulima wa ukanda huu vinaitwa vya Urewe, jina la sehemu moja kule Siaya, Kenya, vilianza kabla ya Kristo, vimechorwa mistari kwa ustadi na vingine vina kidimbwi kidogo kitakoni kama mtu alibonyeza kidole gumba. Baadaye, kwenye hizo karne zetu za kati, pambo likabadilika, watu wakaanza kuviringisha kamba iliyosokotwa au nyasi zilizofungwa mafundo juu ya udongo mbichi, inaacha alama za vitundu vitundu mfululizo. Kwa hiyo ile kamba mliyosokota wiki iliyopita inapata kazi. Kata kipande cha urefu wa kidole, kiloweshe, kiweke chini ya kiganja kwenye bega la chungu, viringisha kwa mkandamizo ule ule kuzunguka chungu chote. Ukisokota kwenda upande mwingine mchoro unalala upande mwingine. Mtoto wa darasa la nne anaweza, na likitoka limetoka kama la mtu wa miaka elfu iliyopita.

Lakini kabla ya pambo, udongo. Wa mfinyanzi unapatikana mabondeni, msiingie majini kuuchimba, ziwa lina kichocho na kwenye matete kuna mamba na viboko, chimba pakavu au vaa mabuti na mwende na mwenyeji. Kuujua kama unafaa viringisha mfano wa kijiti unene wa kidole uuzungushe kwenye kidole chako, ukipasuka pasuka achana nao. Loweka, chuja mawe na mizizi, halafu ponda vigae vya chungu kilichovunjika uchanganye, kiganja kimoja kwa viganja vinne vya udongo ni kipimo cha kuanzia. Hivyo vigae vilishaungua moto zamani ndo maana vinazuia chungu kipya kisipasuke. Vigae viwe vya chungu cha jikoni, sio ulivyookota shambani: ukikuta vigae vya kale vimetapakaa kwenye mmomonyoko waache hapo hapo utoe taarifa, vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na vikishahama sehemu yake mtafiti hawezi tena kusema ni vya lini.

Hakuna gurudumu. Unaanza na kitako kwenye kigae au majani, unaviringisha vipande virefu unapandisha duara juu ya duara, unafuta maungio ndani na nje kwa kipande cha kibuyu, unapandisha tena. Acheni ipumzike katikati, ukipandisha chungu chote mara moja kinakaa chini chenyewe. Kikishaanza kukaza piga ng'arisho kwa kijiwe laini cha ufukweni. Halafu kaushia kivulini wiki moja mpaka mbili, na hapa ndipo watu wa mjini wanashindwa, wanakosa subira wanaanika juani, jua na ule upepo wa mchana vinakausha nje kabla ya ndani na ufa ukishaingia hauna dawa.

Siku ya kuchoma panga vyungu kuzunguka moto mdogo kwanza, vigeuzwe geuzwe mpaka vimepata joto sawasawa, maana maji yaliyobaki ndani yakigeuka mvuke ghafla chungu kinalipuka na vipande vinaruka, watoto wakae mbali. Kisha tandika kuni na mavi makavu ya ng'ombe, vyungu vifudifudi juu, funika nyasi, washa. Moto wa wazi kama huu unafika nyuzi 600 mpaka 900 hivi, unatosha. Acha upoe wenyewe. Usitie maji, usichokoe. Vikitoka chemsha uji mwepesi ndani ya kila kimoja, unaziba vitundu, na huo uji usinywe.

Tukija kwenye wino, hii ndo kazi ya Ulaya inayokubali vizuri zaidi hapa kwetu na inafaa hata sebuleni mvua ikinyesha. Wino wa maandishi mengi ya zama za kati ulitokana na vitu vitatu, uchachu wa mimea wenye kukausha ulimi, chumvi ya chuma, na gundi ya migunga. Kule uchachu walitoa kwenye vivimbe vya mwaloni, yaani ule mti wa Ulaya, sio Mwaloni wa Kirumba mnaponunua dagaa. Hapa maganda na makoko ya mgunga yana uchachu huo huo, na ukikosa kabisa chemsha majani ya chai ya dukani yawe mazito meusi, mnaandika chenga. Chuma mnapata kwa kuloweka misumari yenye kutu kwenye siki kwa wiki nzima, chupa isizibwe kwa nguvu kwa sababu inatoa gesi. Chuja vyote viwili kwa kitambaa, halafu mimina maji ya misumari kidogo kidogo kwenye yale ya mgunga, utaona yanageuka meusi pale pale, darasa zima litapiga kelele hapo. Weka gundi ya mgunga iliyoyeyushwa mpaka wino ushike kalamu vizuri bila kutiririka.

Kalamu iwe ya tete au ya unyoya. Tete kavu lenye unene wa penseli, likate mshazari kwa kisu kikali, bapisha ncha, halafu pasua ufa mdogo katikati ya ncha ndo unaoshusha wino. Unyoya chukua wa bawa la bata bukini au bata wa kawaida, ile mirefu ya nje, na kama unaandikia mkono wa kulia bawa la kushoto linajipinda vizuri mkononi. Mtu mmoja lazima atakuja na unyoya wa bata mzinga, ni mzuri sana kuandikia, lakini bata mzinga ni ndege wa Amerika, kwa hiyo daftari. Mkiandika leo utaona maandishi yamepauka kidogo, kesho asubuhi yamekolea, ni hewa inafanya kazi yake, msiongeze chuma mkidhani wino ni mbovu. Na huo wino mkiuloweka kitambaa cha pamba unakuwa rangi ya kijivu kwenda nyeusi, kwa hiyo mabaki msimwage.

Chuma sasa. Hapa kuna habari ambayo kila mtu wa ziwani angeijua ingekuwa vizuri. Miaka ya 1970 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walikaa na wazee wa Kihaya huko ng'ambo ya magharibi ya ziwa, wazee ambao walikuwa wameshaacha kuyeyusha chuma miaka mingi, wakajenga tanuru upya na kuyeyusha. Shimo likakandikwa udongo wa kichuguu, ndani yakachomwa matete ya bwawani, mabomba ya udongo ya kupitishia hewa yakaingizwa mpaka ndani ya tanuru, hivyo hewa ikawa inapata moto kabla ya kufika kwenye mkaa. Kulinganisha na mabaki waliyochimbua wakaona ufundi wa namna hiyo ulikuwepo pale tangu kama miaka 2000 iliyopita. Ripoti ilitoka kwenye jarida la Science mwaka 1978. Huo ulikuwa uigizaji wa kihistoria wa kiwango cha juu kuliko deraya zote za kununua, na waliofundisha ni wazee wa hapa.

Nyie msianze kuyeyusha mawe, hiyo inataka udongo, mkaa wa kutosha, watu wa kupokezana mivuo, ile mifuko ya kupulizia moto, siku nzima na mtu anayejua. Anzeni kufua. Kule Geita na Uzinza Walongo ndio waliokuwa mabingwa, majembe yao yalivuka kuja kuuzwa Usukuma, na siku hizi kwenda upande huo sio safari tena, daraja la Kigongo–Busisi limemaliza habari ya kusubiri pantoni. Tafuteni mfua vyuma, kubalianeni mje watu watatu watatu, asubuhi moja. Kazi ya kwanza iwe msumari au ndoano ya kutundikia chungu, kisu baadaye sana. Mnajifunza rangi: chuma chekundu cha giza bado kigumu, kikiwa cha machungwa kwenda njano ndo unagonga, kikianza kurusha cheche nyeupe kinaungua na umekipoteza. Ukigonga chekundu cha giza unaumia mkono bure na kinaweza kupasuka.

Usalama hapa sio mchezo. Nguo za pamba, sio nailoni, viatu vya kufunika, ndoo ya mchanga na ya maji karibu. Na kamwe msiweke motoni bati, waya wa fensi au bomba la maji lenye ule mng'ao wa kijivu, ile ni zinki, moshi wake unakupa homa na kutetemeka baada ya masaa machache na kwa Mwanza kila mtu atadhani ni malaria. Kuhusu miiko, kwa wayeyushaji wengi wa kale wanawake hawakusogea tanurini wakati wa kazi. Ongeeni na mzee mapema, sisi msimamo wetu dada anayetaka kuvuta mivuo anavuta, na mwiko tunausimulia kama ulivyokuwa bila kuuficha.

Mavazi nitapita haraka kwa sababu ndo yanakula hela za watu bila faida. Msinunue. Kanzu ya Ulaya ya karne ya 14 ni mistatili na pembetatu tu, mwaka 1936 kule Bocksten, Sweden, ulipatikana mwili wa mtu wa zama hizo kwenye bwawa la tope na nguo zake zimebaki, na watu duniani kote wanaiga kipande kile. Mwili kipande kimoja kimekunjwa begani, mikono miwili, pembetatu za kupanua chini. Kitambaa cheupe cha pamba cha Makoroboi kinafaa japo wao walivaa sufu na kitani, mshone kwa mkono, cherehani ni chenga kubwa. Kwa huku ziwani mavazi yalikuwa ngozi, na upande wa Kagera na Uganda nguo ya gome, Wahaya wanaita rubugo. Gome linabanduliwa mtini, mti unafungwa majani ya mgomba upone uvunwe tena, gome linapigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji mpaka linapanuka kama kitambaa. Ile ni kazi ya kwenda kuiona kwa wenyewe, msibandue mti wa jirani.

Haya, upanga. Mwongozo wa zamani kuliko yote wa upanga wa Ulaya unaojulikana uliandikwa Ujerumani karibu mwaka 1300, leo uko makumbusho ya silaha ya Leeds, Uingereza, na picha zake zinaonyesha padri anamfundisha mwanafunzi upanga na ngao ndogo, na mwishoni mwanafunzi ni mwanamke kabisa, kwa hiyo asije mtu akawaambia wasichana wakae pembeni. Picha zake zinapatikana mtandaoni. Fanyeni miguu kwanza, wiki nyingi za miguu, bila kitu mkononi. Halafu fimbo, taratibu, wawili wawili, mwendo wa kama mko ndani ya maji. Wale Wamarekani niliowataja mwanzoni wanatumia henzirani kwa sababu ikichoka inachanika nyuzi nyuzi, mianzi msitumie, ikipasuka inatoa vipande vyenye makali vya kutoboa jicho. Fimbo ivikwe sponji ya godoro na tepu. Kama hakuna helmeti ya kufunika uso wote, hakuna kupigana kwa kasi, basi, na anayebisha aende akacheze mpira. Panga za chuma msizunguke nazo barabarani wala kwenye daladala hata zikiwa butu.

Baada ya miezi michache mtataka kualika watu, ndugu na majirani waje waone, na wakija lazima wale. Chakula ndo kitawasumbua kuliko chuma. Hebu fikiria karamu ya ziwani ya mwaka 1350. Ugali wa mahindi hamna, mahindi yametoka Amerika. Mihogo hamna, kwa hiyo na udaga hamna. Viazi vitamu hamna, na hapa ndo Wasukuma watanuna kwa sababu inamaanisha hakuna michembe wala matobolwa. Maharage, karanga, nyanya, pilipili kali, maboga haya ya kawaida, mapapai, vyote vimekuja na meli baada ya mwaka 1492. Sawa, tule samaki. Sangara? Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Sato huyu tunayemla siku hizi naye mgeni, aliletwa miaka ya 1950, mwenye ziwa alikuwa ngege. Watu wanabaki kimya kidogo mkifika hapo.

Kinachobaki kinashibisha vizuri tu. Ugali wa mtama au wa ulezi uliosagwa kwenye jiwe, na kila mgeni apewe zamu ya kusaga dakika tano ili akome kulalamika njaa. Kunde, njugu mawe, mgagani, mlenda, ufuta uliopondwa badala ya karanga. Dagaa ni wenyeji, furu, kambale, ningu, kamongo kwa anayemla, na ngege mkimpata. Maziwa mgando, samli, asali. Ndizi za kupika zimekaa ukanda huu karne nyingi hazina shida. Dagaa wakaangeni kwa samli, mafuta ya alizeti yasahauni, alizeti nayo ni ya Amerika. Kadiria kilo moja ya unga wa mtama kwa watu wanne au watano, na anzeni kusaga jana yake, maana mikono miwili kwenye jiwe hailishi watu thelathini asubuhi hiyo hiyo. Pikieni kwenye vyungu vyenu, vile vilivyochomwa na kupitishwa uji, moto uwe mdogo na usiweke maji baridi kwenye chungu cha moto. Kama vyungu ni vitatu na wageni thelathini lete sufuria, andika chenga, endelea kupika. Vyombo viosheni kwa jivu na mchanga, jivu la siku ya kuchoma lipo, na sabuni kwa wenye haraka iwe mstari wa mwisho wa daftari siku hiyo.